Mafaili ya Chanzo na Saraka katika Ujenzi wa Programu: Funzo kwa Mfasiri wa Kiswahili

IKISIRI

Makala haya yanachunguza jinsi ya kusimamia mafaili ya chanzo na saraka katika mfumo wa ujenzi wa programu za kompyuta. Mfumo uliochukuliwa kuwa kielelezo ni Make, uliobuniwa mwaka 1976 na ambao ungali unatumika. Hoja kuu ni kwamba mfumo wa ujenzi hautambui kazi iliyofanywa bali hutambua kazi iliyoorodheshwa, na kwamba kosa la kuliacha faili nje ya orodha ni kosa la kimya. Hoja hiyo inapimwa kwa kulifuata faili la tafsiri ya Kiswahili tangu linapoandikwa hadi linapomfikia mtumiaji.

1.0 Utangulizi

Suala la Kiswahili na kompyuta limezoeleka kutazamwa kwa jicho la istilahi. Je, neno 'tarakilishi' linafaa kuliko 'kompyuta'? Je, mpaka kati ya 'saraka' na 'kabrasha' ni upi? Mijadala ya aina hii ina umuhimu wake, lakini tafsiri ya programu haiishii katika uteuzi wa maneno. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, na ikawa bayana kwamba Kiswahili kinaweza kubeba menyu na maagizo ya programu nzima ya ofisi. Swali ambalo wanafunzi wa isimu na tafsiri hawajalishughulikia vya kutosha ni hili: maneno yakishateuliwa, huingiaje ndani ya programu?

Jibu limo katika mpangilio wa mafaili. Kabla ya kuendelea, yafaa istilahi chache zifafanuliwe. Saraka ni mahali panapotengwa katika kompyuta pa kuwekea mafaili, na saraka moja yaweza kuwa na saraka nyingine ndani yake. Faili la chanzo ni lile ambalo binadamu ameliandika mwenyewe. Faili la tokeo ni lile ambalo mashine imelizalisha kutokana na faili la chanzo. Kompaila ni programu inayougeuza msimbo wa chanzo kuwa lugha ya mashine. Ujenzi, kwa hivyo, ni mchakato mzima wa kutoka kwenye mafaili ya chanzo hadi kwenye programu iliyo tayari kutumiwa.

2.0 Asili ya Make

Mfumo wa Make ulibuniwa na Stuart Feldman katika maabara ya Bell Labs nchini Marekani mwaka 1976. Chanzo chake kilikuwa kero ya kawaida. Mwenzake, Steve Johnson, alikuwa amepoteza asubuhi nzima akitafuta kosa katika programu isiyokuwa na kosa. Kosa lenyewe alikuwa amekwisha kulirekebisha katika faili la chanzo, ila faili hilo halikuwa limepitishwa tena katika kompaila. Aliyarekebisha maandishi, akaendelea kuipima programu ya zamani. Feldman mwenyewe alikuwa amesumbuliwa na tatizo kama hilo jioni iliyotangulia. Wazo lililoanza kama chombo tata cha kuchanganua mategemeo lilirahisishwa, likawa Make mwishoni mwa juma hilo. Mwaka 2003, Feldman alituzwa na chama cha wanakompyuta cha ACM kwa kazi hiyo.

Kisa hiki kinadokeza kiini cha tatizo. Programu moja huweza kutokana na mafaili mamia. Kuyajenga yote upya kila neno moja linapobadilishwa ni kupoteza muda, na kuyachagua kwa kichwa yale yanayohitaji kujengwa upya ni kujitia katika hatari ya kusahau. Make ilikuja kuchukua nafasi ya kumbukumbu ya binadamu. Hata hivyo, kama itakavyoonyeshwa, iliichukua kwa sharti kwamba binadamu aandike.

3.0 Lengo, Tegemeo na Amri

Chukulia programu ya kubuni iitwayo kamusi. Ina mafaili mawili ya msimbo, kuu.c na tafuta.c, pamoja na faili la matamko, neno.h, linalotumiwa na yote mawili. Faili la maelekezo, ambalo kwa desturi huitwa Makefile, litaandikwa hivi:

kamusi: kuu.o tafuta.o
	cc -o kamusi kuu.o tafuta.o

kuu.o: kuu.c neno.h
	cc -c kuu.c

tafuta.o: tafuta.c neno.h
	cc -c tafuta.c

Kila kanuni ina sehemu tatu. Kabla ya nukta mbili pana lengo, yaani faili linalotakiwa kupatikana. Baada ya nukta mbili pana mategemeo, yaani mafaili ambayo lengo hutokana nayo. Mstari unaofuata ni amri ya kulipata lengo kutoka kwa mategemeo yake. Make hulinganisha wakati ambapo kila faili lilibadilishwa mara ya mwisho. Tegemeo likiwa jipya kuliko lengo, amri hutekelezwa. La sivyo, lengo huachwa lilivyo. Tafuta.c likihaririwa, tafuta.o litajengwa upya na kisha kamusi, ilhali kuu.o halitaguswa. Neno.h likihaririwa, yote yatajengwa upya.

Makosa yanayoweza kutokea hapa ni ya aina mbili, na tofauti yake ndiyo msingi wa makala haya. Aina ya kwanza ni kosa la kelele. Mstari wa amri sharti uanze kwa tabo wala si kwa nafasi za kawaida. Feldman alitambua mapema kwamba sharti hilo lingewatatiza watu, lakini tayari alikuwa na watumiaji wapatao kumi na wawili na hakutaka kuwaharibia kazi. Mwandishi akitumia nafasi badala ya tabo, Make hukataa papo hapo na kutaja nambari ya mstari wenye kosa. Kosa hili huudhi, ila halidhuru, kwani hujitangaza lenyewe.

Aina ya pili ni kosa la kimya. Tuseme neno.h limesahauliwa katika kanuni ya tafuta.o. Siku moja nafasi ya kuwekea kidahizo inaongezwa ndani ya neno.h kutoka herufi 30 hadi 60. Make inalijenga upya kuu.o lakini inaliacha tafuta.o, maana haikuambiwa kwamba lina uhusiano wowote na neno.h. Sehemu mbili za programu moja sasa hazikubaliani kuhusu mahali kidahizo kinapoanzia na kinapoishia. Mafaili yanaunganishwa bila lalamiko lolote. Ni mtumiaji atakayetafuta neno moja na kupata vipande vya jingine. Ndiyo maana kompaila kama GCC zimewekewa uwezo wa kuorodhesha zenyewe mafaili ya matamko yaliyotumika, kazi ambayo mkono wa binadamu huisahau kwa urahisi.

4.0 Mpangilio wa Saraka

Programu ndogo yaweza kuishi katika saraka moja. Inapokua, huhitaji kugawanywa, na mgawanyo uliozoeleka ni huu: src kwa msimbo, include kwa matamko, doc kwa maelezo na po kwa tafsiri. Majina yaweza kutofautiana kutoka mradi mmoja hadi mwingine. Lisilofaa kubadilika ni mpaka kati ya mafaili ya chanzo na mafaili ya matokeo.

Kigezo cha kuyatenganisha ni swali moja: faili hili likifutwa leo, je, mashine inaweza kulizalisha tena? Jibu likiwa ndiyo, hilo ni tokeo na mahali pake ni katika saraka ya pekee, kwa mfano iitwayo jenzi. Jibu likiwa la, hilo ni chanzo, na linastahili kuhifadhiwa na kuwekewa nakala. Utengano huu una manufaa matatu. Kwanza, saraka ya matokeo inaweza kufutwa yote na ujenzi ukaanza upya bila hofu. Pili, hifadhi ya mradi hubeba kazi ya watu tu, wala haijazwi mazao ya mashine. Tatu, chanzo kimoja kinaweza kujengwa mara mbili kwa namna mbili, kwa mfano toleo la majaribio na toleo la watumiaji, bila mojawapo kulivuruga jingine.

Hatari ya kuuvuka mpaka huu humkabili hata mfasiri. Matamko yanayohitaji kutafsiriwa hukusanywa katika kiolezo chenye jina linaloishia kwa .pot. Kiolezo hicho ni tokeo: huzalishwa na mashine kutoka kwenye msimbo, na huandikwa upya kila matamko yanapokusanywa. Mfasiri asiyejua hili akiziandika tafsiri zake ndani ya kiolezo chenyewe, ukusanyaji unaofuata utazifuta zote. Anapaswa kukinakili kiolezo na kukipa jina la lugha, yaani sw.po, kwani hilo ndilo faili la chanzo.

5.0 Orodha au Ufagio?

Kuna njia mbili za kuuambia mfumo mafaili yaliyomo. Ya kwanza ni kuyaorodhesha moja baada ya jingine. Ya pili ni kuagiza kwamba kila faili lenye jina linaloishia kwa .c lichukuliwe. Njia hii ya pili yaweza kufananishwa na ufagio: hukusanya kila kilichomo sakafuni, kiwe mali au taka.

Ufagio huvutia kwa wepesi wake, lakini una kasoro. Faili la majaribio lililosahauliwa katika saraka huingizwa katika programu bila mtu kukusudia. Vilevile, faili likiondolewa, huenda mfumo usitambue. Tuseme kamusi ilijengwa kwa mafaili matatu, kisha moja likafutwa. Make ikiangalia, itaona kwamba mawili yaliyobaki ni ya zamani kuliko programu, na itahitimisha kwamba hakuna la kufanya. Programu itaendelea kubeba msimbo ambao chanzo chake hakipo tena. Waandishi wa mfumo wa CMake wanatoa tahadhari ya namna hiyo katika maelezo yao rasmi: hawapendekezi mafaili ya chanzo yakusanywe kwa ufagio, kwa kuwa faili linapoongezwa au kuondolewa bila orodha kubadilika, mfumo hauna njia ya kujua kwamba unapaswa kuyapitia mafaili upya.

Orodha, kwa upande wake, hudai kazi ya ziada. Hata hivyo, orodha yenyewe ni faili. Mabadiliko yake yana tarehe na yanaweza kukaguliwa. Aidha, orodha yaweza kutajwa kuwa tegemeo, ili ikibadilika programu ijengwe upya. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Katika ujenzi wa programu, daftari ndiyo orodha, na neno la kutiliwa mkazo katika methali hiyo ni 'bila habari'.

6.0 Saraka Nyingi, Ramani Moja

Mradi wenye saraka kumi unaweza kuwekewa Makefile kumi, moja katika kila saraka, na ile ya juu ikaziita nyingine kwa zamu. Utaratibu huu ulienea sana kwa sababu unaonekana kuwa nadhifu: kila saraka inajitegemea. Mwaka 1998, Peter Miller wa Australia alichapisha makala mashuhuri yaliyoukosoa. Hoja yake ni kwamba kila Makefile huona sehemu yake tu. Ikiwa faili la saraka ya kwanza linategemea tokeo la saraka ya saba, hakuna Makefile inayoijua habari hiyo kikamilifu. Watu hulazimika kupanga zamu kwa kubahatisha, au kuzirudia mara mbili, au kujenga kila kitu upya kwa ajili ya usalama. Kosa si la Make, bali ni la kuipa ramani iliyochanwa vipande.

Suluhisho la Miller halikuwa kuvunja saraka. Kila saraka iendelee kuwa na kijifaili chake kinachotaja mafaili yaliyomo, lakini vijifaili vyote viingizwe katika Makefile moja inayoona mategemeo yote kwa pamoja. Kwa maneno mengine, kuandika kunaweza kugawanywa, ila maarifa hayafai kugawanywa.

7.0 Safari ya Faili la sw.po

Hoja zilizotangulia zinakutana katika saraka ya po. Miradi mingi ya programu huria hutumia zana za GNU gettext, zilizotolewa kwa mara ya kwanza katika miaka ya 1990. Safari ya tafsiri ina milango kadhaa, na takriban kila mlango una daftari lake.

Mlango wa kwanza ni faili liitwalo POTFILES.in. Humo huorodheshwa mafaili ya msimbo yenye matamko ya kutafsiriwa. Faili la msimbo lisipotajwa, matamko yake hayataingia katika kiolezo, na mfasiri hatajua kwamba yapo. Atamaliza kazi yake kwa asilimia 100, kisha mtumiaji akutane na dirisha zima la Kiingereza.

Mlango wa pili ni faili liitwalo LINGUAS, lenye misimbo ya lugha zilizotafsiriwa. Katika miradi ya zamani zaidi, orodha hii iliwekwa ndani ya configure.in kwa jina la ALL_LINGUAS. Kama msimbo wa sw haumo, sw.po halitageuzwa wala kusakinishwa, hata kama limetafsiriwa kwa ustadi wa hali ya juu. Ujenzi utafaulu. Hakuna onyo litakalotolewa, kwa sababu programu isiyopata tafsiri huonyesha tamko la asili na kuendelea na kazi. Herufi mbili zinatosha kuizuia kazi ya miezi mingi.

Mlango wa tatu ni jina lenyewe. Faili likishageuzwa husakinishwa katika saraka ya share/locale/sw/LC_MESSAGES. Kompyuta iliyowekewa Kiswahili cha Kenya hutafuta kwanza saraka ya sw_KE, na ikiikosa hutafuta sw. Haitafuti sw_TZ. Tafsiri iliyopewa jina la sw_TZ haitamfaa mtumiaji wa Mombasa au Eldoret, hata kama hakuna neno moja ndani yake asilolielewa. Tafsiri iliyopewa jina la sw huwahudumia wote. Uamuzi wa jina la saraka, kwa hivyo, ni uamuzi kuhusu upeo wa lugha.

Mlango wa nne ni wa wakati. Matamko ya programu yakibadilika, sw.po hulinganishwa na kiolezo kipya. Tamko lililobadilika kidogo huunganishwa na tafsiri ya zamani inayolikaribia na kuwekewa alama ya fuzzy, yaani tafsiri yenye shaka. Faili linapogeuzwa, tafsiri zenye alama hiyo huachwa nje kwa kawaida. Mkato mmoja ukiongezwa katika sentensi ya Kiingereza, sentensi ya Kiswahili iliyokuwa ikionekana jana hutoweka leo hadi mfasiri aithibitishe. Hapa mashine inastahili sifa, kwani haikubali kukisia. Lakini ni wazi kwamba sw.po si kazi ya kufanywa mara moja na kuachwa.

Mpangilio wa saraka humsaidia mfasiri kwa njia nyingine pia, nayo inagusa sarufi. Juu ya kila tamko, sw.po huonyesha faili la msimbo na nambari ya mstari lilikotoka. Chukulia tamko la Kiingereza linalosema tu kwamba kitu fulani kimefutwa, bila kukitaja. Kiingereza hutosheka na neno moja. Kiswahili hudai kujua ngeli: neno limefutwa, kitabu kimefutwa, orodha imefutwa. Ikiwa tamko limetoka katika src/neno/futa.c, jawabu ni 'Limefutwa'. Ikiwa limetoka katika src/kitabu/futa.c, jawabu ni 'Kimefutwa'. Ikiwa msimbo wote umerundikwa katika saraka moja, ndani ya faili moja lisilo na jina la maana, mfasiri atabaki kukisia.

Huenda tamko lilo hilo likatoka katika mafaili yote mawili. Gettext huliweka mara moja tu na kutaja mafaili yote mawili juu yake. Mfasiri makini ataona njia hizo mbili na kung'amua kwamba tafsiri moja haitoshi. Tangu mwaka 2006, mwandishi wa msimbo anaweza kuyatofautisha matamko ya namna hiyo kwa kuyawekea muktadha kupitia sehemu iitwayo msgctxt. Ombi la kufanya hivyo halitarajiwi kutoka kwa mwandishi asiyejua ngeli. Litatoka kwa mwanafunzi wa Kiswahili anayejua kusoma njia za saraka.

8.0 Hitimisho

Imebainika kwamba mfumo wa ujenzi hauoni saraka kama binadamu anavyoiona. Unaona malengo, mategemeo na orodha. Kisichoandikwa humo hakipo, na kutokuwapo kwake hakupigi kelele. Mfasiri wa Kiswahili anayekabidhi sw.po pekee amefanya nusu ya kazi. Nusu iliyosalia ni kuhakikisha kwamba POTFILES.in limetaja mafaili yote yenye matamko, kwamba LINGUAS lina sw, kwamba jina la faili linawafikia wasemaji waliokusudiwa, na kwamba matamko yenye alama ya shaka yamepitiwa kabla ya kila toleo. Mwisho, programu ijengwe upya katika saraka tupu ya matokeo na ifunguliwe kwa Kiswahili, dirisha moja baada ya jingine, kwa kuwa jicho la msomaji ndilo linaloweza kuliona kosa la kimya.

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vina nafasi ya kuchangia hapa. Somo la tafsiri linaweza kutengewa vipindi vichache vya kusoma mafaili haya, sambamba na nadharia za ulinganifu na istilahi. Mwanafunzi si lazima awe mwanaprogramu. Anachohitaji ni kuijua njia ambayo neno lake litapita. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika ujenzi wa aina hii, ufa wenyewe mara nyingi ni mstari mmoja uliokosekana katika orodha.